Barua ya wazi: Kodi ya jengo iondolewe kwenye LUKU ya mpangaji

Kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Nishati, Mkurugenzi Mkuu wa EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), Kamishna Mkuu wa TRA (mamlaka ya mapato) na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO (shirika la umeme).

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Naandika kuhusu shilingi 1,500. Najua mezani kwenu zinapita hesabu za mabilioni, na huenda fedha hii ikaonekana ndogo mno kuandikiwa barua. Huku kwetu Mbagala ndiyo inayoamua kama umeme utafika Jumamosi au utakatika Alhamisi usiku, watoto wakiwa bado na madaftari mezani. Mimi ni mpangaji. Wengi wa majirani zangu ni wapangaji. Hatuna jengo, lakini kila mwezi tunalipa kodi ya jengo.

Mnajua ilivyoanza. Agosti 2021 serikali iliamua kodi ya jengo ikusanywe kupitia LUKU, yaani mita zetu za umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ikapangiwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa 5,000. Julai 2023 viwango vikapanda, 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo mwenye nyumba alikuwa akilipa mwenyewe, na tunakumbuka foleni ndefu za watu wakihangaika kulipa mwaka wa fedha ukielekea kuisha. Nakubali kabisa kwamba njia ya LUKU imeondoa foleni ile na kwamba fedha sasa inaingia bila kumfukuza mtu. Halmashauri zinahitaji mapato: mitaro ya Mbagala haitajichimba, na mimi si miongoni mwa wanaosema kodi hii ifutwe. Nasema inakatwa kwa mtu asiye wake, tena kwa namna inayomwumiza zaidi yule anayetumia umeme kidogo kuliko wote.

Nieleze jinsi inavyokatwa, kwa kuwa nahisi wanaopanga haya hununua umeme wa mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Sisi hatununui hivyo. Tunanunua wa elfu moja, wa elfu mbili, kadiri riziki ya siku ilivyokuja. Mama anayeuza vitumbua asubuhi hununua umeme wa jioni kwa faida ya vitumbua vya asubuhi. Sasa mwezi unapoanza, makato yanachukuliwa kwenye manunuzi ya kwanza. Akiweka 2,000, shilingi 1,500 inaondoka kabla hajapata hata uniti moja. Inabaki 500. Katika hiyo 500, kwa viwango tulivyovizoea kwenye risiti miaka yote hii, kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Mteja wa kundi la T1, yaani wa matumizi ya kawaida, ambaye uniti yake ni shilingi 292, akishajumlisha tozo hizo analipa kama 356 kwa uniti. Kwa hiyo shilingi 500 yake inampa uniti 1.4. Elfu mbili nzima imekwenda, na alichopata hakimalizi hata kazi ya pasi na friji kwa siku moja.

Tuangalie na watu wawili tofauti. Wa kwanza yuko kundi la D1, lile la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti. Anatumia uniti 40: taa, feni, simu na televisheni ndogo. Pamoja na tozo, umeme wake wa mwezi ni shilingi 4,880. Makato ya 1,500 yanamwongezea karibu theluthi ya gharama. Wa pili ana nyumba kubwa isiyo ya ghorofa, ukuta mrefu, viyoyozi vitatu na pampu ya maji, anatumia uniti 400 kwenye T1. Umeme wake unafika takriban 142,500. Naye anakatwa 1,500 ile ile, na kwake ni kama asilimia moja. Simwonei gere. Anafanya kazi, ana haki ya kustarehe nyumbani kwake. Lakini kodi ya jengo ni kodi ya mali, na hapa mwenye mali kubwa na asiye na mali yoyote wamewekwa kwenye mzani mmoja kwa sababu tu wote wana mita.

Kuna na deni la siku za giza. Mtu akienda kijijini kuuguza mzazi kwa miezi mitatu, chumba kikafungwa, hata balbu isiwake, makato hayasimami. Yanamsubiri. Akirudi na nauli iliyobaki mfukoni, akanunua umeme wa kwanza, 4,500 inatangulia kuondoka. Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Kule Uingereza kaya hutozwa ada isiyobadilika ya kila siku kwenye umeme na gesi, iwe imewasha kitu au haikuwasha, na wenye mita za kulipia kabla, zilizo mfano wa LUKU yetu, wamekuwa wakikuta deni la siku walizokaa bila umeme kwa kukosa fedha. Malalamiko yamekuwa mengi hadi mdhibiti wao, Ofgem, akalazimika kuomba maoni ya wananchi na kuipitia upya ada hiyo. Hapa jirani, Kenya waliiondoa ada ya shilingi 150 za kwao kwa mwezi kwenye umeme wa nyumbani mwaka 2018.

Na sisi tulitangulia wote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Aprili 2016 EWURA iliifuta ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi waliyokuwa wakitozwa wateja wa T1, ikafuta na ada ya 5,000 ya kuomba kuunganishiwa umeme. Ulikuwa uamuzi wa haki. Ulisema kwamba anayetumia kidogo alipe kidogo, na asiyetumia asilipe. Jina lenyewe la LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Miaka mitano baadaye ada isiyobadilika ikarudi kwenye mita ile ile, safari hii ikiwa imebeba jina la kodi. Kwa anayeshika simu akisubiri tarakimu 20 za tokeni, fedha imepungua na uniti zimepungua, na jina lililoandikwa kwenye risiti halimrudishii chochote.

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu tulishapewa 2021: mpangaji akubaliane na mwenye nyumba. Waheshimiwa, makubaliano yanahitaji watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana. Mpangaji wa Dar es Salaam anaingia chumbani akiwa ameshalipa kodi ya miezi mitatu, mara nyingi sita, pamoja na fedha ya dalali. Mkataba, ukiwepo, ni karatasi moja iliyoandikwa na upande mmoja. Nani ataanza kumwambia mwenye nyumba, "Baba, naomba unirudishie elfu moja na mia tano ya mwezi uliopita"? Ataambiwa kama hapendi vyumba viko vingi mjini. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, sawa, lakini hakuna atakayepanda daladala mbili kwenda kushtaki kwa ajili ya 1,500, kwani nauli na siku ya kazi aliyoipoteza vitazidi madai yake. Hivyo sheria inasema kodi ni ya mwenye jengo, na mfumo unaikata kwa mwenye simu.

Hakuna kondakta anayemdai abiria wa kwanza wa alfajiri alipie bima ya gari, kisha amwambie akaelewane na tajiri wa basi.

Sisemi wenye nyumba wote ni wabaya. Wapo wanaorudisha bila kuombwa. Wapo wazee waliojenga vyumba vinne kwa mafao yao na wanaishi kwa kodi ya vyumba hivyo; mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake amewekewa msamaha kisheria, na ni vizuri. Lakini naifahamu nyumba moja yenye mita tatu ambako zote tatu zinakatwa, kwa sababu wa kwenda kutoa taarifa kwamba ni jengo moja ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi mkoani. Haimpunguzii kitu. Wanaopungukiwa ni wapangaji watatu ambao hawana hati, hawana jina kwenye jengo, na hawana wanachoweza kuonyesha dirishani wakifika kulalamika.

Kwenye nyumba ya mita moja mambo ni mengine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndiko waliko wengi. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, mita moja ukutani. Umeme hununuliwa kwa mchango au kwa zamu. Penye zamu, atakayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayebeba 1,500 peke yake. Kwa hiyo tarehe moja inafika, umeme umeisha, na kila mmoja anajifanya amechoka amelala mapema. Nimeona majirani waliokuwa wakipelekeana futari wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hili. Mjumbe ameitwa kusuluhisha. Mkigawa 1,500 kwa sita ni 250 kwa chumba, na kwa hesabu hiyo si kitu cha kugombanisha watu. Kinachogombanisha ni kwamba mfumo haugawi; unamchukua mmoja.

Lakini katika nyumba hizi za mita moja kodi ya jengo ni maumivu madogo. Kubwa ni zile uniti 75. Chukulia kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi, matumizi ya chini kabisa ya mtu wa mjini. Sita mara 20 ni 120. Mita imezidi 75, kwa hiyo mita nzima iko T1. Uniti 120 kwa bei hiyo ni karibu shilingi 42,750, na kila chumba kinatoa kama 7,125. Familia ile ile, kwa uniti zile zile 20, ingekuwa na mita yake yenyewe kwenye D1, ingelipa 2,440. Yaani anayeshindwa kumudu mita yake analipa karibu mara tatu ya anayemudu. Na kuimudu si mchezo: tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja, karibu na nguzo, kumekuwa 320,960, na hata mpangaji angekuwa nayo, nyumba si yake. Punguzo la D1 liliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Kwa Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti, Tandika na kwetu Mbagala, mnyonge ndiye asiyelipata, kwa kuwa mfumo unahesabu mita na hauhesabu kaya.

Halafu kuna ngazi pale kwenye uniti ya 76. Aliye D1 akinunua uniti 75 analipa 9,150 pamoja na tozo. Akizidi, kila uniti ya ziada inakwenda kwa 350 kabla ya tozo, ghali kuliko hata ya T1. Akiendelea kuzidi anahamishiwa T1 moja kwa moja, na huko uniti zake 76 zinamgharimu kama 27,000. Uniti moja ya ziada kwa mwezi inaweza kumtoa kwenye elfu tisa hadi elfu ishirini na saba. Watu wameielewa hesabu hii vizuri kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana kuna nyumba zinazima friji usiku na kumkataza kijana kutumia pasi siku za mwisho wa mwezi.

Nashindwa kuioanisha hali hii na yale tunayohimizwa. Mei 2024, hapa hapa Dar es Salaam, Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi ifikapo 2034. Tumeona majiko ya umeme ya presha yakionyeshwa kwenye maonyesho, tukaelezwa maharage yanavyoiva kwa umeme kidogo. Ni kweli, jiko lile ni zuri, na moshi wa mkaa tunaujua machoni na vifuani. Lakini mama aliye kwenye uniti 65 akianza kupikia umeme, atavuka 75 kabla mwezi haujaisha, na kuanzia hapo si maharage tu yatakayopanda bei, ni taa, feni na friji vyote kwa pamoja. Atarudi kwenye mkaa wa kopo. Si kwamba hana elimu, amepiga hesabu.

Naijua hoja ya upande wenu. Nguzo, transfoma na nyaya vina gharama hata mteja asipowasha taa. Fundi wa dharura lazima alipwe. Wenye taaluma husema gharama isiyobadilika ilipiwe kwa ada isiyobadilika, vinginevyo anayetumia sana anambeba anayetumia kidogo. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Naogopa kwamba siku moja itatumika kurudisha ada ya huduma iliyofutwa 2016. Jibu langu ni kwamba aliyeujaza mtandao wa umeme kwa viyoyozi saa mbili usiku ndiye aliyesababisha transfoma kubwa inunuliwe, wala si mwenye balbu mbili. Gharama ya mtandao ikiingia kwenye bei ya uniti inawafuata wanaoutumia. Ikiwekwa kama ada ya kila mita inakuwa kodi ya kichwa, na kodi ya kichwa babu zetu waliijua ubaya wake. Na kuhusu kodi ya jengo hoja hii haipo kabisa: kodi ile haijengi nguzo wala haibadilishi transfoma. Imepandishwa tu kwenye gari la umeme kwa kuwa gari lilikuwa linapita.

Pia hali ya umeme si ile ya zamani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa imeshakamilika. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana mjini kwetu kuzungumzia kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Nchi yenye umeme wa kutosha inahitaji watu wautumie, na watu watautumia ikiwa uniti inayofuata haiwatishi.

Kwa hiyo ninaomba haya. Waziri wa Fedha na TRA, mrudisheni mwenye jengo kwenye jina lake. Kontroo namba za kulipia serikalini zipo, simu zipo, na serikali za mitaa zinawajua wenye nyumba kwa majina na kwa sura. Mwenyekiti wa mtaa wangu anaweza kuwatajia kila nyumba ni ya nani bila kufungua daftari. Kama mnaona LUKU haiachiki kwa sasa, basi kanuni iandikwe waziwazi kwamba risiti ya makato ni sehemu ya kodi ya pango iliyokwisha kulipwa, mpangaji akatwe kiasi hicho kwenye pango bila kuomba hisani, na makato yagawanywe katika manunuzi ya mwezi badala ya kumeza tokeni ya kwanza. Mita iliyokaa miezi bila kununua isilimbikiziwe deni analobeba mpangaji.

EWURA na TANESCO, nyumba ya mita moja yenye familia nyingi ihesabiwe kwa kaya. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wathibitishe, namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, zitumike, na nyumba ya kaya sita ipewe haki ya uniti za bei nafuu kwa kaya sita. Mnaogopa udanganyifu, na utakuwepo kidogo. Lakini leo aliyepunjwa ni mtu wa kweli, tena ni wengi. Na ile ngazi ya uniti ya 76 iondolewe. Uniti 75 za mwanzo zibaki kwa bei nafuu kwa kila mteja wa nyumbani, bei ipande polepole juu yake, na aliyezidisha mwezi mmoja kwa sababu ya msiba au arusi asihamishwe kundi.

Mkiniambia mabadiliko ya namna hii ni magumu, nitawakumbusha Desemba 2016: ongezeko la bei la asilimia 8.53 lilikuwa limeshaidhinishwa, na likasimamishwa kabla mwaka mpya haujaanza kwa neno la waziri. Ilichukua siku chache.

Jambo la mwisho ni kuhusu taftishi, yaani vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. EWURA ikikaa kupokea maoni kuhusu bei za umeme, na Baraza la Ushauri la Watumiaji likiwa pale kutusemea, kikao kifanyike pia huku kwetu, siku ya Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa shule au ofisi ya kata, si ukumbini mjini asubuhi ya siku ya kazi. Tangazo libandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa wiki mbili kabla. Mwenye nyumba aje na mpangaji aje. Sisi tutakuja na risiti zetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, Mbagala, Dar es Salaam